Pindo la Shati la Orrin

Kwenye ukuta wa banda letu la uwindaji kuna vipande thelathini na saba vya mashati. Vimepigiliwa kwa misumari midogo ya viatu, na kila kipande kimeandikwa jina na mwaka. Kwetu, mtu akifyatua risasi na kulungu akaenda zake salama, jioni ile ile anakatwa pindo la nyuma la shati alilolivaa, na kipande kinakwenda ukutani. Hakuna kununa. Kisha shati linaletwa kwangu nilipinde upya, kwa sababu shati lililokatwa halitupwi, linavaliwa mpaka liishe. Nimepinda mashati ya wajomba, ya majirani, ya wanangu wote wawili, na la padri mmoja aliyekuja kututembelea akabahatika vibaya.

Shati ambalo kwa miaka mingi sikuwahi kulipinda ni la mume wangu, Orrin Kuehl. Misimu hamsini na minane, tangu akiwa na miaka kumi na minne, na ukutani hapakuwa na hata uzi wake. Jambo hilo alikuwa akiwakumbusha watu bila kuulizwa.

Dungu lake la kuvizia kulungu liko kwenye mwaloni mkubwa mwisho wa shamba la nyasi, futi kumi na nane kutoka chini. Alilitengeneza baba yake, Mzee Emil, aliyekuwa akichomelea vyuma kwenye kiwanda cha mbao. Kiti cha chuma, chini yake bati la kukanyagia lenye matundu ili theluji isikae, na kwenye shina vyuma vya kupandia alivyovikita mwenyewe kimoja kimoja. Sheria ya familia ni kwamba asubuhi ya kwanza ya msimu, mkubwa wa nyumba ndiye anayekaa pale, na dungu hilo haliguswi na mtu mwingine yeyote, hata kwa kulipaka rangi. Liko kama baba alivyoliacha. Hayo ni maneno ya Orrin, na aliyasema kila Novemba kama mtu anayesali.

Mwaka ninaousimulia, Orrin alikuwa na miaka sabini na miwili na goti moja lililokuwa likilia kama mlango. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, jirani yetu Elroy Pritz alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wake. Hakuanguka kutoka juu sana. Alikaa kwenye theluji kuanzia asubuhi mpaka alasiri kabla hajaonekana, na tangu siku hiyo hasimami. Kila Jumanne mimi humpelekea mkate wa shayiri nyeusi, naukata vipande vyembamba mwenyewe kwa sababu mikono yake inatetemeka. Nikirudi nyumbani nilikuwa namtazama Orrin akipanda ngazi za ghalani mikono mitupu. Nilichokitaka mwaka ule ni kimoja tu, huyu mtu apande mwaloni wa baba yake na arudi kwa miguu yake.

Nilikwisha kusema naye. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikanyamaza siku tatu. Aliniambia, "Mke wangu, nimepanda mti ule kabla hujajua jina langu."

Basi nikamwendea Corinne.

Corinne ni mke wa mwanangu mkubwa, Darrel. Ni fundi wa kuezeka mapaa. Si msaidizi wa fundi, ni fundi mwenyewe, ana wanaume sita chini yake na gari lenye ngazi mbili juu. Ni mwembamba, haongei sana, na mikono yake ina alama za lami zisizotoka hata kwa mafuta ya taa. Alipokuja kuwinda nasi mara ya kwanza, alitoa kwenye gunia kamba yake na mikanda ya usalama, ile inayopita mabegani na kuzunguka mapaja, akajifunga mtini kama anavyojifunga kwenye paa. Wanaume walicheka mpaka wakashika miti.

"Shemeji, unaogopa mti utakukimbia?" akauliza Wendell, mwanangu mdogo.

"Hapana," akasema Corinne. "Ninaogopa mimi nitaukimbia mti."

Msimu wa pili Darrel akaanza kujifunga. Baada ya Elroy kuanguka, Wendell naye akaja kimya kimya kumwomba mikanda, akaongeza kwamba asimwambie mtu. Akabaki Orrin peke yake.

Nilimkuta Corinne jikoni kwangu, tunajaza soseji. Mimi nazungusha mashine, yeye anashika utumbo. Nikamwambia, "Mwanangu, sema naye. Mimi ameshanizoea kama saa ya ukutani, hanisikii tena."

Akafunga soseji mbili kabla hajajibu. "Mama, nikisema mimi, nitakuwa mkwe anayemfundisha baba mkwe kupanda mti. Atapanda bila mkanda ili kunionyesha, na atachagua tawi la juu zaidi."

"Sasa tufanye nini?"

"Hajawahi kukudanganya?"

Nikacheka. "Alinidanganya jana. Alisema hajagusa keki."

"Na kwenye karata?"

Hapo nikaacha kuzungusha mashine. Kwenye karata, hapana. Orrin anaweza kumdanganya daktari, mimi, na ofisi ya kodi, lakini deni la karata kwake ni kitu cha kanisani. Sisi tunacheza shafkopu, mchezo ambao wazee wetu walikuja nao kutoka Ujerumani hadi huku kaskazini mwa Wisconsin, na watoto hufundishwa kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Wakati mmoja alishindwa na Elroy, akaenda kumpalilia viazi siku mbili kwenye mvua, na hakuna aliyekuwa akimwangalia.

Jumatano jioni, siku tatu kabla ya msimu, baada ya kula tuliondoa sahani tukakaa watano mezani. Tukacheza mizunguko mingi ya kawaida. Orrin alikuwa anashinda, na akishinda anakuwa mkarimu na mwenye maneno.

"Mkwe wangu," akamwambia Corinne, "Jumamosi utapanda na kamba zako tena? Kulungu wakikuona watadhani ni ng'ombe amefungwa malishoni."

Corinne akapanga karata zake. "Tucheze mmoja wa hilo, baba."

"Wa nini?"

"Ukinishinda, sitalitaja neno kamba kwenye meza hii maisha yangu yote. Na visu vyako nitavinoa mimi mpaka nizeeke."

"Na nikishindwa?"

"Utavaa mikanda msimu huu mzima. Nayo itakuwa imefungwa kwenye kamba ya mti tangu mguu wako wa pili unapoacha ardhi mpaka unapoirudia."

Orrin akaweka karata chini. "Mguu wa pili. Umeandika sheria kama wakili."

"Ningesema uvae tu, ungevaa. Ungekaa juu umependeza kama bwana harusi, hujafungwa popote."

Wendell akapiga meza kwa kicheko, na nikaona Orrin naye anajizuia, kwa sababu ndivyo hasa angefanya.

"Lakini dungu hutaligusa," akasema. "Liko kama baba alivyoliacha."

"Dungu sitaligusa," akasema Corinne. "Nitagusa mti."

Zikagawiwa karata. Orrin akatazama zake, akachukua zile mbili zilizolazwa katikati ya meza, akasema anacheza peke yake dhidi yetu sote wanne. Hapo nikajua ana mkono mzuri. Mtu hasemi hivyo akiwa na shaka. Akaanza kuvuna. Alichukua raundi ya kwanza, ya pili, kisha ya tano. Mimi nilikuwa na karata za kutupa tu, nikatupa. Darrel alikula moja, Corinne akala moja, kimya. Ikabaki karata ya mwisho mkononi mwa kila mtu, na Orrin akaitandika yake mezani kwa kiganja, malkia wa shupaza.

Kwenye shafkopu malkia ni wakubwa kuliko wafalme. Na juu ya malkia wa shupaza kuna mmoja tu.

Corinne akaiweka yake taratibu, akaisawazisha ukingo kwa ukingo na ile ya Orrin, kama anayepanga vigae. Malkia wa pau. Darrel akatupia ree, Wendell akatupia kumi, mimi nikatupia nilichokuwa nacho. Orrin alihesabu mara mbili. Alikuwa na pointi hamsini na nane, na alihitaji sitini na moja.

Akakaa akiangalia ile malkia. Kisha akasema, "Umeikalia hiyo tangu mwanzo."

"Nilikuwa naipasha moto, baba."

"Darrel," akasema Orrin, "huyu mwanamke ulimtoa wapi?"

"Alikuja kuziba paa lililovuja," akasema Darrel. "Akasema tatizo si paa."

Alhamisi mchana nilikwenda na Corinne mwaloni kumshikia kamba. Jinsi anavyopanda yule msichana, ungetamani kila mtu amwone. Hana haraka. Anazungusha mkanda wake kwenye shina, anapanda hatua, anausogeza mkanda, anapanda tena, na hakuna wakati hata mmoja ambao yuko juu na hajashikwa na kitu. Nikahesabu hatua kumi na sita, na katika zote kumi na sita hakuruka hata moja. Alifunga kamba nene kwenye shina lenyewe, juu ya dungu, mahali ambapo mtu aliyekaa akiinua mkono anaigusa. Ikashuka hadi chini. Juu ya kamba hiyo akafunga kamba nyembamba kwa fundo ambalo ukilisukuma kwa mkono linateleza, lakini likivutwa ghafla linauma na haliachii. Hapo ndipo mkanda wa mpandaji unaponasa, kwa pete ya chuma yenye mlango wa kujifunga.

Alipomaliza hakushuka mara moja. Aliinama akachungulia nyuma ya kiti cha Mzee Emil, bila kukigusa. Akakaa hivyo kwa muda.

Aliposhuka nilimwuliza ameona nini.

"Mti umenenepa," akasema, akaanza kukunja kamba.

Jioni ile nilikuwa nyuma ya ghala nachukua kuni nikawasikia, yeye na Orrin, kwenye karakana.

"Baba, ile mikanda inayoshika kiti mtini imekaa miaka mingapi?"

"Iko kama baba alivyoiacha."

"Gome limeimeza nusu," akasema Corinne. "Siwezi kuona hali yake bila kuishika. Niruhusu nizungushe miwili mipya kando yake. Ya zamani ibaki pale pale, sitaifungua."

"Tulikubaliana. Mti, si dungu."

"Tulikubaliana. Nakuomba sasa nje ya makubaliano."

"Na mimi nakujibu nje ya makubaliano. Hapana."

Nilimsikia anapumua. "Basi, baba, kiti hicho usikiamini zaidi ya unavyoiamini kamba. Ukikikanyaga, kamba iwe imekaza juu yako, isilegee hata kiganja kimoja." Hakupaza sauti. Nilisimama pale na kuni zangu nikitaka niingie nimtikise yule mzee, lakini nilijua nikifanya hivyo nitaharibu hata kile kidogo tulichokipata.

Ijumaa akamfundisha. Alimtundika kwenye boriti ya ghala, miguu ikiwa shubiri moja tu juu ya sakafu, ili ajue kuning'inia kunavyokuwa.

"Watu wengi wanadhani ukishashikwa na mkanda umepona," akamwambia. "Hiyo ni nusu. Mikanda inabana mapaja, damu inakaa miguuni hairudi. Ukining'inia kimya nusu saa, unaweza kufa umefungwa vizuri kabisa. Ndiyo maana kuna hiki." Akamwonyesha utepe uliokunjwa kwenye mfuko wa kifuani. Ukiufungua ni kitanzi cha kuingiza mguu. "Ninasa hapa juu, kanyaga, simama. Badilisha mguu. Simama tena."

Orrin akakanyaga, akazunguka, akamgonga kwa kiwiko ng'ombe aliyefungwa kando.

"Baba," akasema Wendell kutoka mlangoni, "unafanana na paja la nguruwe linalokaushwa kwa moshi."

"Na wewe unafanana na aliyelimaliza. Ondoka kwenye mwanga."

Corinne alimrudisha mara saba, mpaka aliweza kukifungua kitanzi macho yamefumbwa. Kisha akamvika filimbi shingoni.

"Hii sasa ya nini? Mimi si refa."

"Simu huanguka mfukoni. Filimbi haianguki. Tatu, unapumzika, tatu."

Jumamosi waliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila mmoja na mwelekeo wake, wote wamevaa rangi ya chungwa kali mpaka jiko langu likaonekana linawaka moto. Orrin alikuwa amevaa mikanda chini ya koti na ananuna. Nilimpa mkate wenye soseji, nikamfunga kifungo cha juu, jambo ambalo hapendi. Aliacha nifunge.

Saa kumi na mbili na robo nilitoka kumwaga jivu la jiko. Kulikuwa na mwanga mchache wa kijivu, theluji imekaza, hakuna upepo. Nikasikia kitu kama ndege. Nikasimama na ndoo mkononi. Kikalia mara tatu, kikanyamaza. Kikalia tena mara tatu.

Sikumbuki kuiweka ndoo chini. Nakumbuka nilivaa koti la chungwa la Darrel lililokuwa msumarini, maana hata kwa haraka mtu haingii shambani asubuhi ile bila rangi hiyo, asije akadhaniwa kulungu, na nikaanza kukatiza nyasi zilizoganda nikihesabu hatua ili nisifikirie. Kutoka mlangoni kwangu hadi mwaloni ni hatua mia tano na arobaini. Kila filimbi ilipolia nilisema moyoni, anapumua. Ilipokaa kimya muda mrefu kidogo, nilikimbia, mimi ambaye sijakimbia tangu Wendell abatizwe.

Nilipofika, Corinne alikuwa ameshafika kutoka kwenye mti wake, na alikuwa anavuta pumzi huku akijifunga. Juu, kiti cha Mzee Emil kilikuwa kinaning'inia upande kwa mkanda mmoja, kinagonga shina taratibu. Na kando yake, upande wa pili ambako hakuna vyuma vya kupandia, alikuwa Orrin, wima hewani, mguu mmoja kwenye kitanzi, mkono mmoja umekumbatia mti. Bunduki ilikuwa bado chini, haina risasi, imefungwa kwenye kamba yake ya kuvutia, maana hilo Mzee Emil alikuwa amelifundisha zamani.

"Orrin," nikasema.

"Verna," akajibu kutoka juu. "Kofia yangu imeanguka."

"Kofia ninayo mimi."

"Basi vizuri."

Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake.

Corinne alikuwa tayari anapanda. Hatua, mkanda, hatua, mkanda. Mimi chini nilitaka kumwambia aharakishe, na nikaona kwamba haharakishi hata kidogo, na nikashukuru. Angeharakisha, wangekuwa wawili.

"Baba, miguu unaihisi?"

"Naihisi. Inawaka."

"Ikiwaka ni vizuri. Umebadilisha mguu?"

"Nimebadilisha mara tano. Nahesabu."

"Badilisha mara ya sita. Kisha nitakuvuta huku kwa kamba hii, na wewe usinitazame mimi, tazama chuma. Mkono wa kushoto kwanza. Ndiyo. Mguu. Usiruke kimoja. Sogeza fundo. Vizuri, baba. Kingine."

Walishuka hivyo, yeye juu kidogo na Orrin chini yake, na kwenye kila chuma alimwambia "sogeza fundo," na kwenye kila chuma Orrin alisogeza fundo. Hata kwenye chuma cha mwisho, ambapo mtoto angeruka, akasogeza fundo. Mguu wake wa kwanza ukakanyaga theluji, kisha wa pili, na hapo ndipo akaifungua pete. Mguu wa pili, kama walivyokubaliana.

Akaketi kwenye shina lililoanguka. Nikamvika kofia. Masikio yake yalikuwa baridi kama vijiko.

"Nilikwisha panda vyuma vitatu bila kuinasa pete kwenye kamba," akasema, haangalii yeyote. "Giza, peke yangu, nani angejua. Nikakumbuka ile malkia. Nikashuka, nikainasa, nikaanza upya." Akafuta pua. "Nilipokanyaga bati, mkanda wa kushoto ukakatika. Haukulia hata kidogo. Nilidhani utalia."

Darrel alikuja, akampeleka zahanati mjini. Walimpima, wakamkuta na michubuko kwenye mapaja na bega limevutika, wakamrudisha kabla ya chakula cha mchana. Alasiri alikwenda mwaloni na Corinne, akabaki chini kushika kamba wakati yeye anakiteremsha kiti, na nilipotazama dirishani nilimwona ameinua kichwa muda wote, haangalii pembeni hata kulungu wawili walipopita kwenye ukingo wa msitu.

Jioni tukakusanyika bandani kama kawaida. Wendell alikuwa amepata dume mzuri. Darrel, baada ya kutoka zahanati, alikuwa amerudi mtini kwake akamkosa kulungu na kupiga kichaka, basi shati lake lilikuwa tayari linangojewa na makasi yangu ya kitambaa yako mezani.

Orrin akaingia wa mwisho. Kwa mkono mmoja alishika ule mkanda uliokatika. Kwa mkono wa pili alishika mnyororo mzito wenye kutu, ambao sikuwa nimeuona kwa miaka mingi.

"Darrel asubiri," akasema. "Mimi kwanza."

"Baba, wewe hukufyatua hata risasi moja," akasema Wendell.

"Nyamaza, mwanangu, nikimaliza utapata nafasi ya kucheka." Akauweka mnyororo mezani. "Hiki ndicho alichokiacha baba yangu. Kiti chake alikifunga kwa mnyororo, na kila mwaka Januari aliufungua ili mti upate nafasi ya kunenepa. Mnyororo ulikuwa unalia nikigeuka, kulungu wakasikia. Miaka kumi na miwili iliyopita niliutoa nikauficha nyuma ya pipa la kabichi, nikaweka mikanda ya namna hii." Akautupa mkanda kando ya mnyororo. Ulikuwa wa turubai, wa kubania mizigo kwenye malori, umefifia mpaka ukawa rangi ya majani makavu, na mahali ulipokatika palikuwa na alama za meno ya kindi. "Sikuifungua hata Januari moja. Na kila mwaka niliwaambia liko kama baba alivyoliacha."

Orrin akamgeukia Corinne.

"Wewe ulijua."

"Nilijua turubai ya namna ile haikuwapo babu alipokuwa hai," akasema Corinne. "Niliona Alhamisi."

"Na hukusema mbele ya wanangu."

"Lilikuwa neno lako, baba. Si langu."

Orrin akamtazama kwa muda. Nimeishi na mtu huyu miaka hamsini na nimeona anavyowatazama farasi wazuri, na mahindi yaliyokomaa pamoja, na mara chache mimi. Alimtazama hivyo. Kisha akageuka, akamwonyesha mgongo, akalitoa pindo la shati kwenye suruali, lile shati zito la miraba myekundu nililomshonea mwenyewe.

"Kata."

"Hukukosa kulungu, baba," akasema Corinne.

"Kata, mkwe. Usinifanye nisimame hivi, goti linauma."

Corinne akachukua makasi. Mwingine angekata kidogo kwa heshima, au kikubwa kwa kuchekesha. Yeye alipima kwa vidole viwili, akakunja mstari kwa kucha, akakata moja kwa moja kutoka mshono mmoja hadi mwingine, bila kupinda hata uzi. Akaandika jina na mwaka. Orrin mwenyewe akashika msumari na nyundo, akakipigilia kipande ukutani, na chini yake akautundika ule mkanda wa turubai, upande uliotafunwa ukitazama watu.

"Sasa unaweza kucheka," akamwambia Wendell.

Wendell akajaribu. Hakuweza, akaenda kumkumbatia baba yake kwa bega lile lisilouma.

Siku hizi kila Januari Corinne anapanda kufungua mikanda yote ya madungu yote, na kila Oktoba anaifunga mipya, na Orrin anakaa chini kumshikia kamba. Kiti cha Mzee Emil kimerudi mwaloni kwa mnyororo wake, umezungushiwa ngozi ya kondoo usilie. Shati nililipinda Jumapili ile baada ya kanisa, kwa uzi mwekundu, mishono midogo. Lilikuwa fupi, haliingii tena kwenye suruali, na mgongo wake unapigwa na baridi akiinama. Nikamwambia naweza kuongeza kipande kwa nyuma, kitambaa kilekile ninacho sandukuni.

"Acha," akasema.

Jumanne iliyofuata alikuja nami kwa Elroy akiwa amelivaa, akakaa kando ya kitanda, na mimi nikikata mkate alimsimulia yote, kuanzia ile malkia.